Mchujo wa urais: Kenyenya inampenda Maraga, lakini itampigia wapi?

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Kenyenya aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu kwa sentensi moja. Alikuwa amemaliza kunieleza, kwa maneno mengi na kwa mikono miwili, kwa nini Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ndiye anayefaa kuiongoza Kenya kuanzia 2027. Kisha akasema: "Sasa wewe unayeandika magazetini, niambie. Mchujo wa urais tutapigia wapi? Shuleni kama ule wa wabunge, au ni kwa chifu?"

Swali lake lina mantiki. Aprili 2022 aliona watu wakipanga foleni kuwachuja wanaotaka udiwani na ubunge. Masanduku yaliletwa, majina yakasomwa, watu wakagombana, mwisho mmoja akapewa tiketi. Ikiwa diwani anachujwa, rais je? Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa msomaji yeyote wa Pwani mwenye swali kama hilo, kwa sababu huku kwetu pia nasikia vijana wakisema "tutampitisha kwenye mchujo" kana kwamba kuna siku imetengwa.

Jibu fupi ni kwamba hakuna. Kenya haijawahi kuwa na mchujo wa urais ambao mwananchi wa kawaida anaamka asubuhi, anakwenda kituoni na kumchagua atakayepeperusha bendera ya chama chake. Jibu refu ndilo lenye mambo.

Kwanza nieleze ninafanya nini Kenyenya. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini ndugu yangu ameoa huku, na ukwe ni ukwe. Kenyenya iko katika Kaunti ya Kisii, eneo bunge la Bomachoge Borabu, nchi ya milima yenye migomba, chai na miwa, na mashamba yaliyogawanywa kwa warithi mpaka yamekuwa vipande vidogo vidogo. Waislamu ni wachache sana. Ijumaa nikitaka kuswali na jamaa kubwa napanda gari hadi Kisii mjini. Jumamosi ndiyo siku ya kimya, maduka mengi yamefungwa, kwa sababu Waadventista Wasabato ni wengi mno katika nchi hii ya Wagusii.

Hiyo Jumamosi ndiyo inayofungua habari ya Maraga. Mwaka 2016 alipohojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama akitafuta ujaji mkuu, aliulizwa angefanya nini kesi ya uchaguzi wa rais ikiangukia siku ya Sabato. Akasema ingekuwa vigumu sana kwake kukaa mahakamani siku hiyo, na kwamba angezungumza na wenzake watafute njia. Wengi walidhani amejiharibia kazi, lakini akaipata, akaapishwa Oktoba 2016. Sisi Waislamu tunaojua maana ya kumwomba mwajiri ruhusa ya saa mbili za Ijumaa, tulimwelewa mtu huyo kabla hatujajua ni wa kabila gani.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini yake ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8, majaji wanne kwa wawili. Afrika ilikuwa haijawahi kuona mahakama ikifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Hata hapa Kenyenya kuna wazee waliokasirika siku ile, maana walikuwa na serikali, na leo ndio wanaoitaja hukumu hiyo kama cheti cha kijana wao. Mwaka 2020 alilalamika hadharani kwamba Rais Uhuru Kenyatta amekataa kuwaapisha majaji 41 waliopendekezwa na tume, na Septemba mwaka huo akamshauri rais huyo huyo alivunje bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya thuluthi mbili ya jinsia. Bunge halikuvunjwa. Januari 2021 akastaafu, akarudi nyumbani Nyamira.

Basi Juni 2025 mzee huyo, aliyezaliwa 1951, akatangaza kwamba atawania urais. Akaingia chama kidogo cha United Green Movement, UGM, ambacho wengi walikuwa hawajakisikia. Hana gavana wa kumpangia mikutano, wala bilionea anayejulikana, wala helikopta inayotua kwenye viwanja vya shule. Anachozungumza ni katiba, ufisadi na haki za vijana waliouawa na kukamatwa katika maandamano ya 2024 na 2025, yale yaliyoanza na Mswada wa Fedha na kufika hadi barabara za Kisii mjini. Kwa hiyo vijana walioingia barabarani bila kiongozi wanamwona kama mtu mzima wa kwanza aliyewaendea bila kuwauliza bei.

Hapa Kenyenya shauku hiyo unaiona katika mambo madogo. Vijana wanapeana video zake kwenye simu, wanabishana katika kinyozi, wanachanga za kuchapisha fulana. Hakuna aliyewatuma. Ni kitu adimu katika siasa za Kenya, ambako kwa kawaida fulana hutangulia na mapenzi hufuata, na kabla ya fulana kuna noti ya mia mbili.

Lakini Kenyenya ina kijana mwingine. Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Elimu na kisha wa Usalama wa Ndani, naye ni wa Nyamira, kutoka Borabu, naye anautaka urais kupitia Jubilee, chama kilichompa unaibu kiongozi mwaka 2025. Huyo si mnyonge. Anajulikana kila mahali, ana wakubwa nyuma yake, na amekaa meza moja na vinara wa upinzani akina Kalonzo Musyoka na Rigathi Gachagua. Wazazi wa hapa wanamkumbuka kwa kupambana na wizi wa mitihani mwaka 2016. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na baba wa Matiang'i na mtoto wa Maraga, na wote wawili wanasema maneno yale yale ya Kikisii: omwana oito, mtoto wetu.

Nilimuuliza shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, anaona tofauti gani kati ya wana hao wawili. Akanijibu kwa mfano mmoja. "Shemeji, mwaka 2018 mmoja alikuwa Jaji Mkuu na mwingine Waziri. Mahakama ikatoa amri juu ya Miguna Miguna. Wewe kumbuka nani alikuwa upande gani." Nakumbuka. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpata Matiang'i na maafisa wenzake wawili na hatia ya kudharau amri zake katika suala la Miguna, ikawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Wanaomtetea Matiang'i wanasema alikuwa akitekeleza kazi ya serikali yake. Pwani, ambako familia nyingi zimewahi kuhangaika kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine zikimtafuta kijana aliyechukuliwa usiku, hoja ya amri za mahakama kuheshimiwa au kutoheshimiwa na mwenye bunduki si hoja ya wanasheria peke yao.

Sasa turudi kwa swali la yule kijana. Kama mapenzi yapo, yapite wapi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 137, inasema mgombea urais lazima ateuliwe na chama cha kisiasa au awe mgombea huru, na aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo ni kaunti 24, na saini zisizopungua 48,000. Chama kitamteua vipi mtu huyo, katiba haisemi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, kama ilivyofanyiwa marekebisho Januari 2022, inatambua njia mbili: uteuzi wa moja kwa moja, ambapo wanachama wenyewe wanapiga kura, na uteuzi usio wa moja kwa moja, ambapo wajumbe wanapiga kwa niaba yao. Chama kinachagua njia kwa mujibu wa kanuni zake. Na kwa kiti cha urais, vyama vyetu vikubwa vyote vimekuwa vikichagua wajumbe.

Mjumbe ni nani? Ni mtu aliyepelekwa na tawi. Tawi linaendeshwa na nani? Na mwenyekiti wa kaunti. Mwenyekiti wa kaunti aliwekwa na nani? Hapo msomaji anaweza kumaliza mwenyewe. Mjumbe hupewa usafiri, malazi, chakula na bahasha, na hupiga kura anavyotarajiwa. Mara nyingi hata hapigi. Anapiga makofi.

Si kwamba jambo hili halijawahi kupiganiwa. Lilipiganiwa mwaka 1992, na lilivunja upinzani. FORD ilikuwa imemtia Moi hofu ya kweli, ikiwa na Jaramogi Oginga Odinga, Kenneth Matiba, Martin Shikuku na wengine chini ya jina moja. Walipofika kwenye swali la nani apeperushe bendera, upande wa Matiba na Shikuku ukataka kila mwanachama apige kura moja kwa moja, na upande wa Jaramogi ukataka wajumbe. Kila upande ulijua njia ipi inampa nani ushindi, kwa hiyo tusiwafanye malaika. Hata hivyo swali lilikuwa sahihi, na halikujibiwa. Chama kikapasuka kuwa FORD-Asili na FORD-Kenya, na Desemba 29 Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku zaidi ya nusu ya Wakenya wakiwa wamempigia mtu mwingine.

Miaka kumi baadaye hapakuwa hata na mabishano ya aina hiyo. Oktoba 14, 2002, wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani kumpitisha Uhuru Kenyatta ambaye Moi alikwishamchagua. Siku hiyo hiyo, Uhuru Park, Raila Odinga alisimama mbele ya umati na kusema "Kibaki tosha". Maneno mawili yakamaliza mchujo wa upinzani. Simeon Nyachae, mzee wa Kisii aliyekuwa akiutaka urais huo, hakukubali kumalizwa kwa maneno mawili. Akaingia debeni na Ford-People, akapata kura 345,152, karibu asilimia 6, sehemu kubwa zikitoka huku huku Gusii.

Mchujo wa urais uliokaribia kuwa wa kweli, kwa maoni yangu, ni ule wa ODM mwaka 2007. Kasarani, mwanzo wa Septemba, wajumbe walipiga kura za siri mbele ya kamera: Raila 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368, Joseph Nyagah 8. Watu wa Pwani wanakumbuka kwamba kulikuwa na jina la tano. Najib Balala alikuwa mwaniaji pia, na akajiondoa kabla ya kura, akamuunga mkono Raila. Tulishangilia uungwana wake na hatukujua kamwe Pwani ingepata kura ngapi.

Hata hivyo hiyo ilikuwa kura ya wajumbe elfu tatu na kitu katika nchi ya mamilioni. Na baada yake tukarudi nyuma. Mwaka 2021 ODM ilipotangaza nafasi ya mgombea urais, Hassan Joho wa Mombasa na Wycliffe Oparanya wa Kakamega waliomba. Raila naye akaomba. Wawili wale hawakufika popote palipokuwa na sanduku. Februari 2022 Raila alipitishwa Kasarani kwa vifijo, na Machi Ruto akapitishwa na UDA uwanja ule ule, kwa vifijo pia. Nasikia watu wakimlaumu Joho kwa kuacha. Aendelee wapi, kama sanduku halipo?

Kwa nini nasema yote haya wakati UGM imekwisha kumkubali Maraga na hana mpinzani chamani? Kwa sababu mchujo wenye maana kwake si wa UGM. Ni ule wa upinzani mzima. Vinara wa upinzani wamekuwa wakiahidi Wakenya mgombea mmoja dhidi ya Ruto Agosti 2027, na namna ya kumpata mgombea huyo imebaki mazungumzo yao wenyewe, ndani ya vyumba vyao wenyewe. Mtu wa Kenyenya hana kura humo, wala wa Kwale, wala wa Lamu. Vyumbani humo watu wanahesabu kura za makabila na mifuko ya fedha, na katika hesabu hizo mbili Maraga yuko mkiani. Fulana za vijana hazihesabiwi.

Marekani wana ubaya wao mwingi, na fedha zao za kampeni zinatisha kuliko zetu, lakini jambo hili wamelifanya tofauti. Kule mwanachama, na katika majimbo mengine hata asiye mwanachama, anamchagua mpeperushaji bendera katika sanduku la serikali. Ndiyo sababu Bernie Sanders, seneta mzee wa jimbo dogo la Vermont aliyejiita msoshalisti, aliweza mwaka 2016 kumtikisa Hillary Clinton. Februari 9 mwaka huo alimshinda New Hampshire kwa asilimia 60. Alichangiwa fedha kidogo kidogo na watu wengi, akakusanya kura zaidi ya milioni 13. Alishindwa, ndiyo, lakini alishindwa kwa kuhesabiwa. Na tuna mfano wa karibu na nyumbani zaidi, ingawa ni wa umeya. Zohran Mamdani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, alianza akiwa hatajwi, na Juni 2025 akamshinda aliyekuwa gavana Andrew Cuomo katika mchujo wa chama cha Democratic mjini New York. Novemba akachaguliwa meya. Vijana wa Mombasa walisherehekea kama vile amechaguliwa Majengo. Mimi nilijiuliza: kijana huyo angekuwa Kenya, wajumbe wangemruhusu kuingia ukumbini?

Lakini nisiwadanganye vijana wa Kenyenya kwamba tatizo ni mlango tu. Tumewahi kuwa na wanyonge waliopendwa wakaingia debeni moja kwa moja, na kura zikahesabiwa, na hesabu ikawa chungu.

Mwalimu Mohamed Abduba Dida alituchangamsha sote katika mdahalo wa 2013. Misikitini na vibarazani tulimnukuu kwa wiki kadhaa. Alipata kura 52,848, akawapita Martha Karua na James ole Kiyiapi ambao walikuwa wanasiasa na wasomi wenye majina. Ni jambo la kumpongeza. Lakini ni chini ya nusu ya asilimia moja, na 2017 zikapungua hadi 38,093. George Wajackoyah mwaka 2022 alijaza barabara kila alikopita, mtandaoni ukadhani Ruto na Raila ndio wasindikizaji. Siku ya kura: 61,969. James Orengo, mwaka 2002, akiwa na rekodi ya kupigania demokrasia ambayo wachache wanayo, alipata 24,524.

Na Gusii yenyewe ina mfano ambao vijana wa leo hawaujui, jambo linaloniuma. George Anyona, wa Kitutu Masaba, alikuwa mwanamabadiliko kabla neno hilo halijawa la fulana. Kenyatta alimweka kizuizini 1977, Moi akamweka tena 1982 alipotaka kuanzisha chama na Jaramogi, na 1991 akafungwa miaka saba kwa uchochezi na wenzake watatu baada ya kukamatwa wakizungumza baa. Mwaka 1992 akawania urais kwa chama chake cha Kenya Social Congress. Watu wa Kitutu Masaba walimpa ubunge. Nchi ilimpa urais kura kama 14,000 hivi, mkiani pamoja na Chibule wa Tsuma wetu wa Pwani. Anyona alifariki ajalini Novemba 2003, akiheshimiwa na kila mtu, hata wale ambao hawakumpigia.

Kwa hiyo tuna mifano miwili ya Kisii. Nyachae alipata kura laki tatu na nusu kwa sababu alikuwa mtoto wao mwenye uwezo. Anyona alipata elfu kumi na nne kwa sababu alikuwa na msimamo. Swali la Maraga ni kama anaweza kuwa kitu cha tatu. Na hapa natofautiana na wapenzi wake wa Kenyenya, na nimewaambia usoni. Kila wanaposema "omwana oito", wanampunguza. Mwaka 2022 Kisii ilikuwa na wapigakura zaidi ya laki sita na Nyamira zaidi ya laki tatu. Zikusanye zote, mpe mtu mmoja bila kupoteza hata moja, na hata milioni haijafika. Ruto alishinda kwa 7,176,141. Juu ya hayo katiba inataka nusu ya kura zote na moja zaidi, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Na kura za Gusii hazitakuwa zote za mtu mmoja, kwa sababu Matiang'i naye yuko na yeye pia ni mtoto wao.

Mzee mmoja alinikatiza hapo. Akasema, "Nyinyi watu wa Pwani mnatuambia tusimpende kwa sababu ni wetu, na nyinyi mkipata wenu mtafanya vipi?" Sikuwa na jibu la haraka. Bado naona hoja yake ina haki zaidi kuliko nilivyotaka iwe nayo. Pwani tumelalamika miaka sitini kwamba hatuna mtu, na waliojaribu, Balala na Joho, waliachia njiani. Hata hivyo naamini kijana wa Likoni atampigia Maraga kwa sababu ya Septemba 1 na kwa sababu ya amri za mahakama. Hatampigia kwa sababu ya Nyamira. Ukimwambia ni mtoto wa Wakisii, unamwambia si wake.

Nini kinabaki, basi, cha kufanya kwa wapenzi wa mgombea mnyonge, wa Kenyenya au wa kwingineko? Kazi iliyobaki haina picha nzuri za kupiga. Kuna zile saini 2,000 katika kaunti 24. Zinaonekana chache mpaka uanze kuzikusanya. Mwaka 2022 walitangaza nia wengi, kina mama na kina baba, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikawapitisha wanne tu. Chama kinachompenda Maraga kinahitaji watu wa Turkana, Tana River na Narok wenye kalamu na subira. Kuwa na watu wa Nyamira hakutoshi.

Kuna uanachama. Chama kitakachosema kina wanachama lazima majina yao yawe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliangalia kwenye eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Kijana anayemshangilia mgombea mmoja huku jina lake limeandikwa chama kingine anahesabiwa upande ule. Kuangalia ni dakika chache, na kujiondoa kunawezekana.

Na kuna mawakala. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Kila kituo kina Fomu 34A yake, na fomu hizo sasa huwekwa hadharani mtandaoni, jambo ambalo hukumu ya 2017 ililisukuma kwa nguvu. Lakini fomu husainiwa na aliyekuwepo. Mgombea asiye na wakala kituoni hana wa kulalamika kura ikihesabiwa vibaya saa tisa usiku. Bodaboda wa Kenyenya wanaweza kuvifikia vituo vyote vya Bomachoge Borabu kabla ya adhuhuri, na hilo ni zaidi ya kile ambacho vyama vingi vya wanyonge viliwahi kuwa nacho mahali popote.

Tena wana haki ya kudai kura. Kama vinara wanataka mgombea mmoja, sheria ya 2022 haiwakatazi kuwauliza wanachama wao moja kwa moja. Gharama ni kubwa, watasema, na muda ni mfupi. Uchaguzi ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Walisema hivyo hivyo 1992.

Nilimpa yule kijana wa bodaboda muhtasari wa haya, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza saini moja inachukua dakika ngapi, na kama lazima mtu awe na kitambulisho. Nikamwambia lazima awe mpigakura aliyesajiliwa. Akahesabu kwa vidole marafiki zake waliofikisha miaka 18 baada ya 2022 na hawajajisajili. Vidole viliisha mapema.